Kovu Nililowapa Marehemu

Kazi yangu ni kuchora wafu. Nikisema hivyo watu wananiangalia vibaya, hasa hapa Buyenzi, mtaa wa Waswahili, lakini sijui niisemeje vingine. Mtu akifariki katika mji huu, familia yake inakaa kwenye msiba mwaka mzima, halafu inafika siku ya kuondoa matanga, ile ambayo kwa Kirundi wanaiita kuganduka. Kuna misa, kuna ukumbi wa kukodi, kuna bia na fanta, kuna hotuba ndefu za wajomba, na mbele kabisa, kwenye meza yenye kitambaa cheupe na maua, lazima uso wa marehemu uwepo ukiwatazama wanaokunywa kwa ajili yake. Zamani waliweka foto. Siku hizi mwenye uwezo anataka mchoro mkubwa wa rangi, na hapo ndipo wanaponitafuta mimi, mwanamke wa Kiislamu mwenye kibanda katikati ya gereji mbili, ambako majirani wanagonga mabati tangu asubuhi.

Sasa wanachoniletea! Foto ya kitambulisho, ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Mtu ameishi, amezaa, amejenga, ameimba kwaya, na kilichobaki ni kikaratasi alichopigwa siku aliyokuwa amekasirika kwa kusimama foleni. Na juu yake kuna muhuri. Karani anaugonga nusu kwenye karatasi, nusu kwenye foto, ili mtu asije akaibandua foto ile na kuweka ya kwake, na wino ule unakula unachotaka kula: sikio, paji la uso, nyusi. Kwa hiyo mi nachora ninachokiona, na kilichofunikwa na wino nakibuni. Ndiyo kazi ilivyo. Wanataka pia nimvalishe suti mtu ambaye hakuwahi kuvaa suti, nimnenepeshe mashavu kama alikufa kwa ugonjwa mrefu, nimfunge tai. Nimevalisha wanaume suti nyingi kuliko fundi cherehani yeyote wa mtaa huu, na hakuna aliyerudi kulalamika kwamba mabega yanambana.

Naishi na shangazi yangu, dada wa baba, ambaye ndiye aliyenilea. Anashona kofia kwa mkono, zile nyeupe za kutarizi, tundu moja baada ya jingine, ingawa macho yamechoka. Anavaa miwani ya fremu nyeusi nene iliyomeza nusu ya uso wake, na ushungi anauteremsha mpaka unagusa miwani. Ukimwona barabarani unaona miwani inatembea. Na ndani ya nyumba yake haiingii picha ya kiumbe chenye roho. Kalenda yenye mtu, apana. Hata pakiti ya biskuti yenye mtoto anayecheka anaigeuza inatazama ukuta, kwa sababu malaika hawaingii penye sura. Kazi yangu anaijua na hajanikataza, maana ndiyo inayotulisha, lakini anaiita "zile mbao zako" na hajawahi kukanyaga kibandani. Yeye mwenyewe sikuwahi kumchora. Nikiwa msichana nilijaribu mara moja, akiwa amekaa uani anashona. Aliponiona nimeshika penseli akanyanyuka, akaenda kutawadha, na adhuhuri ilikuwa bado mbali.

Baba na mama yangu walikufa wakati wa krizi, vita vya wenyewe kwa wenyewe. Hapa ukisema krizi kila mtu anajua, na kila mtu ana yake, kwa hiyo hakuna anayeuliza zaidi. Nilikuwa mtoto mdogo, bado nabebwa mgongoni. Nyumba iliungua na vilivyokuwemo, na foto pia, kama zilikuwepo. Mama yangu alikuwa binti wa Kanyosha, huko milimani, Mkristo, aliyesilimu ili aolewe na baba, na kwao hawakukubali. Kuna Warundi wengi ambao ukiwatajia Muswahili hawasikii dini wala lugha. Wanasikia mjanja wa mjini, mwongo. Wakasema binti yao ameolewa na Waswahili, wakamkata kama tawi. Kwa hiyo upande ule sina mtu. Nikienda Kanyosha kupeleka mchoro, nikifungua mdomo kuongea Kirundi, wanatabasamu: aa, huyu wa Buyenzi. Na hapa Buyenzi, wakati wa kugombana kisimani nilipokuwa mtoto, wenzangu walikuwa wananiambia nirudi mlimani kwa mama yangu. Mlima gani? Mama gani? Sikuwa na hata mmoja wa hao.

Nilichokuwa nacho cha mama kilikuwa kitu kimoja tu, nacho ni hiki. Tuko bandarini. Kuna magunia mengi, pananuka saruji na samaki mkavu, watu wamelala chini wakisubiri boti ya Kigoma, na boti haitokei. Nina kiu. Uso wa mwanamke unainama juu yangu, ananishikia kikombe cha plastiki, maji yana ladha ya chuma. Amefunga kitambaa cha njano kichwani. Nyusi yake ya kushoto imekatika katikati, pana mstari mwekundu, na ananiambia kunywa, kunywa polepole. Basi, hapo panaishia.

Sikuwahi kumwambia mtu, hata shangazi. Mwenye kitu kimoja hakitembezi. Niliogopa nikikisema kitaharibika, mtu atanisahihisha, ataniambia kitambaa hakikuwa njano. Kwa hiyo nilikaa nacho. Na shangazi nilipomuuliza mama alikuwa mtu wa namna gani, alikuwa ananijibu "alikuwa mutu muzuri," halafu anauliza kama nimefunga bomba. Nikaacha kuuliza. Tumeishi hivyo, watu wawili, kila mmoja kwenye mkeka wake, miaka na miaka.

Mwaka jana nilichora baba wa mama mmoja wa Kigobe, mtaa wa wenye pesa. Mama huyu alisomea Ulaya, akarudi, akageuza gereji ya nyumba ya baba yake kuwa mahali pa sanaa. Kila Jumamosi alikuwa anakusanya watu wanaoandika na wanaochora, wanakaa kwenye viti vya plastiki, wanasomeana. Mchoro wa baba yake ulipomfikia alinipigia simu, akaniambia mkono wangu ni mzuri na ni aibu ninautumia kwa wafu wa watu. "Kuja utuletee wa kwako," akasema. Walikuwa wanaandaa maonyesho, na kila mtu alete kitu kimoja kinachosema yeye ni nani na amepita wapi.

Nilienda. Nilikaa nyuma karibu na mlango, kiti changu kina mguu mmoja mfupi. Vijana wakasimama mmoja mmoja, wakasoma kwa Kifaransa na kwa Kirundi. Yuko aliyezaliwa kambini Tanzania, alisoma habari za hema lao, na kila alipofika kwenye sufuria ya mama yake alilia. Jumamosi iliyofuata akasoma tena, akalia palepale. Yuko binti aliyeandika jinsi mume alivyomrudisha kwao kwa sababu hazai. Watu walipiga makofi taratibu, kama kanisani wasipojua kama inaruhusiwa. Na mi pale nyuma moyo wangu ulikuwa mbaya kabisa. Niliona wivu, naam, wivu wa shida za watu! Shida zao zilikuwa na mwanzo na mwisho, zina sufuria, zina majina ya mahali. Mimi nina kikombe cha plastiki.

Zamu yangu ilipofika yule mama akaniuliza nitaleta nini. Nikajisikia nikijibu kabla sijafikiri: "Nitachora mama yangu." Wote wakaitikia "mmmh", ile ya kukubali jambo zito. Nikarudi nyumbani kwa miguu sehemu kubwa ya njia, najitukana. Mutu gani anaahidi uso ambao hana?

Nilianza. Kitambaa cha njano kilikuja. Kikombe kilikuja. Nyusi ilikuja, na mstari wake. Chini ya nyusi, hamna kitu. Nilichora macho nikayafuta, nikachora mengine, yakatoka ya mwanamke wa kwenye tangazo la sabuni. Mi ambaye nikipewa foto iliyoliwa na mende nakutolea mtu mzima anayependeza, nilikaa mbele ya ubao ule nashindwa na pua. Nilitupa brashi, nikaiokota, maana brashi nzuri hazipatikani, nikaitupa tena.

Katika siku hizo ndipo aliponijia mjane wa Kanyosha. Alikuwa amevaa imvutano yake, vazi la heshima la Kirundi, vizuri, na mchoro wa mumewe ameubeba kwapani, umefungwa na shuka. Nikajua kuna neno, maana mchoro ukishatoka kibandani huwa haurudi.

"Fundi," akasema, "kazi ni nzuri, suti ni nzuri. Lakini bwana yangu hakukuwa na kovu."

"Kovu gani, mama?"

Akafungua shuka. Mumewe ananitazama na tai yake nyekundu, na nyusi yake ya kushoto imekatika katikati, safi kabisa, kama imepitishwa kisu.

Nilisema labda kwenye foto. Akatoa foto. Pale kwenye nyusi palikuwa na muhuri, wino mtupu, huoni kitu. "Sasa hiyo uliitoa wapi?" akaniuliza, hakuwa na hasira, alitaka kujua tu. Nikamwambia pole, nikachukua rangi, nikaijaza nyusi ile huku yeye amekaa kwenye benchi la makanika anasubiri ikauke. Alipoondoka nikafunga kibanda mapema, na si kwa sababu ya aibu. Nilikuwa nimeikumbuka sauti ya mteja mwingine, zamani, aliyesema jambo hilohilo nikadhani ni ukorofi wake.

Jumamosi nikaenda Kigobe mapema, kabla ya wenzangu. Mchoro wa baba wa yule mama ulikuwa sebuleni, juu ya televisheni. Nikaomba kuuona. Nikasogea. Nyusi ya kushoto imekatika.

"Hii hapa," nikamwambia yule mama, naonyesha kwa kidole, "baba alikuwa nayo?"

Akacheka. "Si ndiyo alipoanguka na baiskeli? Mwanzoni mi sikukumbuka, nikasema huyu fundi ameona kitu kwenye foto ambacho sisi hatukukiona. Halafu kaka yangu akakumbuka. Akiwa kijana, kwenye mteremko, breki zilikatika. Kaka anaieleza vizuri kweli."

Yoo, Mungu wangu. Nilisimama mbele ya televisheni yao. Ningemwambia nini? Kwamba breki hazikukatika? Kwamba kaka yake anaeleza vizuri ajali iliyotoka kwenye brashi yangu? Wana baba aliyeanguka na baiskeli, na wanampenda, waache naye.

Lakini sasa nilikuwa nimeelewa. Kila mahali muhuri ulipofunika, kila mahali nilipoachiwa nibuni, mkono wangu haukubuni. Ulikuwa unamweka mama. Miaka yote nilidhani sina uso wake, kumbe nimeutawanya mji mzima, kipande kwa mzee huyu, kipande kwa mama yule, na nimelipwa juu yake. Nikiwa njiani nilicheka peke yangu kama chizi.

Nikaanza kuzunguka. Niliwapigia simu wateja wa zamani, nikawaambia nataka kuangalia kama rangi inashika. Walinikaribisha. Mgeni katika nyumba ya Mrundi haondoki kinywa kikavu, na kwa kuwa sinywi bia nilinyweshwa fanta mpaka tumbo likajaa gesi. Na kila nyumba nilikuta kitu. Pengine nyusi haikuwepo, lakini kope la jicho limeshuka kwa namna moja, zito kidogo upande wa nje. Pengine ni pembe ya mdomo, inayobana kabla ya kusema. Mzee mmoja aliyekuwa askari nilimpa kidevu ambacho hakikuwa chake, nilikitambua mara moja, kidevu cha mwanamke. Nilikuwa naangalia, nameza fanta yangu, nasema asante, natoka, nasimama barabarani nachora haraka kabla hakijapotea.

Nikarudi kibandani na vipande vyangu. Safari hii uso ulikuja wenyewe. Kope, mdomo, kidevu, nyusi, kitambaa cha njano. Uliponiangalia nilijua, kama unavyojua mlango wa kwenu gizani. Nililia pale pale, na makanika wa upande wa kulia akachungulia, akaniuliza kama nimeungua. Nikamwambia ndiyo, nimeungua kidogo, arudi kwa gari lake.

Maonyesho yalikuwa karibu. Kwa wale wa Kigobe mchoro ulikuwa tayari, wangepiga makofi yao. Kwangu mimi ulikuwa haujawa tayari. Nilitaka mtu mmoja aniambie ni yeye. Mtu mmoja tu duniani alikuwa amebaki wa kuniambia, na mtu huyo haangalii picha.

Nikaubeba mpaka nyumbani, nimeufunga na kitenge. Alasiri ilikuwa imeshasaliwa, shangazi amekaa uani na sindano yake. Nikauegemeza ukutani, bado umefungwa.

"Ni nini hiyo?" akauliza, hakuinua kichwa.

"Unajua ni nini. Nataka uangalie."

"Apana. Rudisha huko kwako."

"Shangazi, mara moja tu."

"Nimesema apana. We mutoto, unataka unitie dhambi uzeeni?"

Hapo nikapandwa. Mi nina hasira, mtaa mzima unajua, lakini kwa shangazi huwa naimeza. Siku ile haikumezeka. Nikamwambia sijawahi kumuomba kitu. Nikamwambia nimekula chakula chake bila kuuliza, nimevaa alichoshona bila kuuliza, nimekaa katika nyumba ambayo kila kitu kimegeuzwa ukutani bila kuuliza, na leo nauliza. "Ni mama," nikasema. "Nimempata. Nataka uniambie ni yeye, halafu nitaondoka nao na hutauona tena. Neno moja tu, shangazi. Useme ni yeye."

Akaweka sindano chini. Halafu akasema, taratibu, "Fungua."

Nikafungua.

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya ushungi, akaivaa tena. Akasogea mpaka akawa karibu kuigusa rangi. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nasikia pumzi yake. Nilikuwa nasubiri kama mtoto anayesubiri matokeo ya shule.

"Hii nani alikuonyesha?" akauliza.

"Hakuna. Nimekumbuka. Bandarini, alipokuwa ananinywesha maji."

"Na hapa?" Kidole chake kilikuwa kwenye nyusi.

"Alikuwa na kovu. Bichi, bado jekundu."

Shangazi akakaa chini kwenye mkeka, kwa shida, akishika goti. Akavua miwani kabisa, akaiweka mapajani. Akaurudisha ushungi nyuma. Miaka yote hiyo sikuwahi kumwangalia bila miwani na bila ushungi, mchana, karibu. Nani anamwangalia shangazi yake? Nyusi zake zimekwisha, zimebaki nywele chache nyeupe, lakini upande wa kushoto, katikati, palikuwa na mstari mwembamba unaong'aa, nywele hazioti. Kope lake zito upande wa nje. Pembe ya mdomo imebana.

"Si mama yako," akasema. "Ni mimi. Mlango wa bati ulinikata siku tulipotoka nyumbani, nilikuwa nimekubeba, sikuinama vizuri. Mama yako alikuwa amekufa jana yake. Bandarini tulikuwa mi na we tu."

Nasema ukweli, sikulia. Nilikasirika kwanza. Nilimkasirikia kana kwamba ameingia chumbani mwangu akaiba. Mchoraji gani mimi? Nimekaa na uso huo, nimekula nao sahani moja, nimeuchora kwenye maiti wa watu, sikuujua! Nikauliza, sauti ikanitoka kali: "Basi mama alikuwaje? Niambie nichore. Naweza kuchora ukinieleza, ndiyo kazi yangu. Pua?"

"Pua..." akasema. "Pua ya kawaida."

"Kawaida vipi? Nyembamba? Pana?"

"Alikuwa mwembamba yeye. Mrefu kidogo. Alikuwa anapenda kucheka na mkono kwenye mdomo."

"Macho yake, shangazi."

Akatikisa kichwa. Alijaribu; nilimwona anajaribu, amefumba macho, anatafuta, kama anavyotafuta tundu la sindano siku hizi. Halafu akayafungua.

"Sauti yake ninayo," akasema. "Alivyokuwa ananiita, ninayo. Uso apana. Ulinitoka zamani. Mi nilidhani we unao. Nilikuwa najiambia, mutoto hawezi kusahau mama yake, huyu anaye, anamuweka vizuri. Ndiyo maana sikukusumbua. Niliona haya kukuuliza mama yako alifananaje."

Kofia aliyokuwa anashona ilikuwa imeanguka kwenye vumbi, hakuna aliyeiokota. Miaka yote mi nimenyamaza kwa kudhani yeye anaye, na yeye amenyamaza kwa kudhani mi ninaye. Ukuta ule mmoja, mikeka miwili, na mama hakuwepo upande wowote. Nilikaa chini karibu yake. Alinishika mkono akalia kwa sauti ya juu, yeye ambaye sikuwahi kumsikia akilia, na jirani akagonga mlango kuuliza nani amefariki. Nikamwambia mama yangu. Akasema pole, akarudi, akaleta chai.

Mchoro nilipeleka Kigobe. Kwenye karatasi iliyobandikwa chini yake walikuwa wameshaandika kwa Kifaransa kwamba ni mama yangu. Nikawaambia waitoe, nikaandika mwenyewe kwa kalamu: shangazi yangu, bandarini. Yule mama alisikitika kidogo. Alisema kwa maonyesho neno mama lingekuwa na nguvu zaidi. Watu walikuja, wamevaa vizuri, wamesimama na glasi zao. Kijana wa kambini alisoma, akalia kwenye sufuria. Safari hii na mi nililia naye, angalau yeye ana sufuria. Wakaniuliza mengi kwa Kifaransa kuhusu kovu, kama linamaanisha nchi. Nikasema linamaanisha mlango wa bati.

Shangazi hakuja, na sikumtegemea. Jioni niliporudi alikuwa anachambua mchele. "Watu walisema nini?" akauliza.

"Walisema una sura nzuri."

"Astaghfirullah," akasema, akainamia mchele, na pembe ya mdomo ikabana. Tumekuwa wapole sana, mi na yeye, tangu siku ile. Ananimegea samaki sehemu ya tumbo. Lakini naona tunaogopana kidogo, kama watu waliovunja chombo pamoja.

Mchoro uko kibandani, nimeugeuza ukutani, maana wateja wanauliza ni marehemu wa nani.

Juzi amekuja mzee mmoja na foto ya mkewe. Muhuri umepita juu ya jicho na nyusi ya kushoto, wino mzito, huoni hata kivuli. Nilichora kila kitu, pale nikapaacha mwisho. Kisha nikapumua, nikaachia mkono uende wenyewe kama zamani. Nilikuwa nalisubiri lile kovu, sijui niseme nilikuwa namsubiri nani. Nyusi ikatoka nzima, nyeusi, imejaa, nzuri, haina kasoro. Nikajaribu pembeni kwenye kipande cha mbao, ikatoka nzima. Mkono hauna tena cha kuweka.

Mzee aliporudi kuuchukua alivua kofia, akajifuta uso kwa kiganja, akaketi kwenye benchi la makanika. Alitazama nyusi ile niliyoitoa popote, jicho lile la mtu yeyote, na machozi yakamtoka.

"Ni yeye," akaniambia. "Fundi, ni yeye kabisa."